Mabomba ya plastiki kwa maji ya kunywa: PPR inaongoza, gundi ndiyo inayotia shaka

Wanunuzi wengi wa mabomba huuliza kwanza kama yatahimili presha na kama viungio havitavuja, na ni wachache wanaojiuliza bomba linayaachia nini maji yanayolala ndani yake usiku kucha. Tathmini hii inahusu swali hilo la pili tu, na inagusa aina zinazotumika zaidi majumbani, yaani PPR (plastiki ya polipropilini), PVC (plastiki ya vinili) na nduguye CPVC, PEX (polietilini inayopinda), pamoja na mabomba meusi ya HDPE (polietilini nzito) yanayofukiwa ardhini.

Sifa ya plastiki ielezwe kwanza, kwa kuwa inastahili. Haishiki kutu, wakati mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki hutoa maji mekundu yakizeeka, na yale ya shaba nyekundu huachia madini yake pale maji yanapokuwa na asidi. Anayeng'oa bomba la risasi na kuweka la plastiki amejipatia nafuu isiyo na ubishi. Hata hivyo, kutoshika kutu si sawa na kutoachia kitu chochote.

Kwa upande wa maji pekee, PPR ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza, na sababu kubwa ni namna inavyoungwa: fundi huyeyusha ncha mbili kwa mashine yenye joto la nyuzi 260 hivi za Selsiasi, kisha huzishikanisha bila gundi. Kasoro yake imo katika viungio vya kukaza kwa kuzungusha, vyenye nyuzi (mikunjo kama ya skrubu) za shaba ya njano, ambayo mara nyingine huchanganywa na risasi. Si haki kulisifu bomba na kukisahau kipande hicho kidogo kinachogusa maji yaleyale.

PVC inahitaji maelezo marefu zaidi. Hutengenezwa kwa vinili kloridi, gesi inayosababisha saratani, na katika mabomba ya zamani, hasa yaliyotengenezwa Marekani kabla ya mwaka 1977, masalia yake yalivuja hadi kwenye maji, zaidi katika ncha za mtandao ambako maji hayatembei. Shirika la Afya Duniani limeweka mwongozo wa mikrogramu 0.3 kwa lita. Viwanda vya leo vimepunguza sana masalia hayo, lakini liko suala la pili, nalo ni viimarishi (kemikali za kuilinda PVC isiharibike) vyenye risasi, ambavyo wazalishaji wa Umoja wa Ulaya waliviacha kufikia mwisho wa 2015. Bomba lisiloonyesha lilikotoka wala kiwango lililotimiza halistahili kupitisha maji ya kunywa, hata likiwa jeupe na la kupendeza. Kisha ipo gundi. Viyeyushi vyake, kama vile tetrahidrofurani, huingia kwenye maji iwapo fundi ameipaka kwa wingi na kufungulia maji kabla haijakauka, na hapo lawama ni ya mkono wa fundi kuliko ya bomba. CPVC, inayovumilia maji ya moto, hubeba shaka hiyohiyo ya gundi.

PEX hupendwa kwa kuwa hupinda bila kuhitaji viungio vingi, ila ndiyo inayolalamikiwa zaidi kwa harufu. Baadhi ya aina zake huachia kemikali ya MTBE zikiwa mpya. Mamlaka ya mazingira ya Marekani ilishauri mwaka 1997 kwamba MTBE isizidi mikrogramu 20 hadi 40 kwa lita ili maji yasinuke wala kubadilika ladha. Harufu hiyo kwa kawaida hupungua kadiri maji yanavyopita, na tofauti kati ya chapa moja na nyingine ni kubwa kiasi kwamba kuihukumu PEX yote kwa pamoja ni kuionea.

HDPE ni nzuri ardhini, isipokuwa mahali palipomwagika petroli, kwa sababu kemikali za mafuta hupenya ukuta wake bila bomba kupasuka. Moto nao ni adui wa plastiki zote: baada ya moto wa Santa Rosa mwaka 2017 na wa Paradise mwaka 2018, huko California, benzini, kemikali inayosababisha saratani, ilipatikana katika maji ya bomba kwa kiwango kilichopita kwa mbali kikomo cha Marekani cha mikrogramu 5 kwa lita, na plastiki iliyoungua ilitajwa miongoni mwa vyanzo.

Mnunuzi atafute alama ya NSF/ANSI 61, kiwango cha Marekani cha vifaa vinavyogusa maji ya kunywa, au ya kiwango kinacholingana nayo, asafishe mfumo mpya kwa maji mengi kabla ya kuutumia, na asichote maji ya kunywa kwenye koki ya moto. Alama hiyo, kwa bahati mbaya, huangalia afya na haipimi harufu wala ladha. Kwa hilo, kabla ya kununua bomba la nyumba nzima, kipande kimoja kijazwe maji, kizibwe ncha zote mbili, kiachwe hadi kesho yake, kisha maji hayo yanuswe pamoja na maji yaliyolala kwenye chupa ya kioo.