TAHADHARI: Anayeuza "cheti cha polisi cha saa 24" na "rekodi ya jinai ya mtu yeyote" hapa Dar

Ndugu zangu, kuna kishoka anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa mjini, hasa yale ya ajira za Uarabuni, ya madereva wa mtandaoni na ya akina mama wanaotafuta dada wa kazi. Akilalamikiwa anabadilisha namba na jina la ukurasa, kwa hiyo hata nikilitaja la leo, kesho litakuwa jingine. Nitaeleza anavyofanya kazi, maana hilo halibadilishi.

Nina duka la steshenari Sinza. Watu wanakuja kuchapisha, kutoa kopi na kusaidiwa kujaza maombi ya mtandaoni: ajira, pasipoti, mikopo ya chuo, cheti cha tabia njema. Karatasi za huyu mtu zinapita mikononi mwangu, na waliozinunua nawaona wanavyobadilika sura nikiwaambia walichobeba. Inauma sana. Wengi hela hiyo wameikopa.

Tangazo lake linasema cheti cha tabia njema kinatoka ndani ya saa 24, bila kwenda kituoni, bila kuchukuliwa alama za vidole. Anataka picha ya kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma, picha ya pasipoti na nusu ya malipo kwanza. Hela inaingia kwenye namba ya simu yenye jina la mtu, au kwenye lipa namba ya duka usilolijua. Baadaye kweli anakutumia PDF nzuri, ina bibi na bwana (nembo ya Taifa) juu, ina muhuri, ina msimbo wa QR. Ukiuskani unafunguka ukurasa wenye jina lako, picha yako na maandishi ya kijani kwamba cheti kimehakikiwa. Hapo ndipo wengi wanapotulia na kumalizia ile nusu iliyobaki.

Tazameni anwani ya ukurasa huo. Tovuti za Serikali yetu, na za Jeshi la Polisi zikiwemo, zinaishia na .go.tz. Ya kwake haiishii hivyo. Inaweza kuwa na neno "polisi" katikati, inaweza kuwa na "tanzania", lakini mwisho wake ni kitu kingine. Ukurasa huo ameutengeneza yeye mwenyewe, kwa hiyo cheti chake kinathibitishwa na yeye mwenyewe.

Cheti halali kina njia moja. Unaomba kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi, unajaza taarifa zako, unaambatisha picha na kitambulisho, unapewa kontroli namba, unalipa, na alama za vidole vyako zinachukuliwa. Alama za vidole ndizo kazi yenyewe. Polisi wanazilinganisha na kumbukumbu za waliowahi kutiwa hatiani, kwa sababu jina linaweza kubadilishwa na vidole haviwezi. Anayekuambia utapata cheti bila vidole anakuambia kwamba hakuna kumbukumbu yoyote iliyotazamwa.

Kuhusu kontroli namba: ina tarakimu 12, inaanza na 99, na unailipa kwenye menyu ya malipo ya Serikali ya simu yako, kwa wakala au benki. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma kilichoandikwa. Kama limetokea jina la mtu binafsi, acha. Na kama namba ya malipo umetumiwa na mtu mwingine badala ya kuitoa kwenye ombi lako, acha pia, hata kama inaanza na 99, kwani inawezekana ni halali kabisa ila ni ya deni lake yeye.

Kijana mmoja wa Mbagala alikuja kuchapisha cheti cha namna hiyo kwa ajili ya safari ya kazi. Nilimwonyesha anwani ile, akasema hana muda, wakala anasubiri. Kilipopelekwa kuhakikiwa hakikuonekana popote, na nafasi ikapewa mwingine. Ubaya mwingine ni kwamba aliyekikabidhi ni yeye. Kanuni ya Adhabu haimgusi mtengenezaji peke yake. Kutumia hati ya kughushi ukijua ni ya kughushi nako ni kosa, na adhabu ya kughushi inaweza kufika kifungo cha miaka 7. Mtu ametoka kuthibitisha kwamba hana doa, anarudi na kesi.

Hayo ya vyeti ni mabaya, lakini kuna biashara yake nyingine inayoninyima usingizi. Anauza "ripoti ya rekodi ya jinai" ya mtu mwingine. Unamtumia jina na namba ya NIDA ya dada wa kazi, dereva, mpangaji, hata mchumba, unalipa, na kesho yake unaletewa ripoti.

Mama mmoja wa Kimara alikuja dukani achapishe ya kwake. Ilisema dada anayelea wanawe alitiwa hatiani mwaka 2019, Mahakama ya Kisutu, kwa wizi wa mtumishi. Hakukuwa na namba ya kesi wala jina la hakimu. Namba ya NIDA ya binti ilikuwa imeandikwa palepale juu, na kama mnavyojua, tarakimu 8 za mwanzo za namba hiyo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Zilianza na 2007. Kwa hiyo ripoti ilikuwa inadai kwamba mtoto wa miaka 12 aliajiriwa, akaiba, akashtakiwa na kutiwa hatiani kama mtu mzima. Kesi za watoto zinakwenda Mahakama ya Watoto, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na wala hazisikilizwi hadharani. Nilimweleza yule mama. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema, "Mdogo wangu, nimeshampandisha basi jana pale Magufuli. Nimemwambia asirudi." Mshahara wa mwezi ule hakumpa, alidhani anafidia alichoibiwa.

Binti yule hajui hata kwa nini alifukuzwa. Kijijini kwao itasemwa alifukuzwa Dar kwa wizi, na aliyeandika neno hilo ni mtu asiyemjua, kwa bei ya ripoti moja. Nawaomba mlifikirie hilo kabla ya kumtumia namba ya NIDA ya mtoto wa watu.

Eleweni hivi: Tanzania haina daftari la wazi ambalo raia anaingia na kusoma rekodi ya jinai ya mwenzake. Kumbukumbu ziko polisi, na anayeomba cheti ni mwenyewe mhusika, kwa vidole vyake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za makosa ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo anayekuuzia rekodi ya mtu amefanya moja kati ya mawili: ameitunga, au ameiiba mahali. Usilipie lolote kati ya hayo.

Ukitaka kumjua unayemwajiri, mwambie aombe cheti chake na wewe umlipie ada, maana si haki kumbebesha dada wa kazi gharama ya wasiwasi wako. Omba barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji alikotoka, ipigie simu ofisi iliyoiandika, zungumza na wadhamini, mtafute mwajiri wake wa mwisho. Inachukua siku kadhaa, ndiyo. Kwa mtu atakayelala nyumbani kwako na watoto wako, siku hizo zinafaa.

Kama unachotafuta ni kesi yenyewe, hukumu za Mahakama ya Rufani na za Mahakama Kuu zinasomwa bure TanzLII, kwenye tanzlii.org. Kesi za Mahakama za Mwanzo na nyingi za wilaya hutazipata huko. Hizo unakwenda masijala ya mahakama iliyosikiliza, iwe Kisutu, Kinondoni, Temeke au pengine, ukiwa na namba ya kesi, mwaka na majina ya wahusika, unaandika barua ya kuomba na unalipa ada inayotakiwa kwa kontroli namba. Angalieni sana majina. Akina Juma Ramadhani na Fatuma Ally wako wengi mno nchi hii. Jina kufanana na la mshtakiwa hakumfanyi mtu kuwa mshtakiwa. Na mshtakiwa naye si mkosaji mpaka mahakama iseme hivyo. Imo kwenye Katiba, ibara ya 13(6)(b).

Huyu kishoka akishapata NIDA yako na namba yako, anaweza kurudi kwa sura nyingine. Wiki chache baadaye unapigiwa na mtu anayejiita afande, anataja jina lako kamili, tarehe ya kuzaliwa na mtaa unaokaa. Anasema jina lako limejitokeza kwenye jalada la upelelezi na anaweza "kulifuta" kabla halijaenda kwa mkubwa. Kiasi kinaanza kidogo, halafu kinapanda. Waliolipa wengi hawana kosa hata moja. Walilipa kwa sababu ya ule woga tulio nao tukisikia neno polisi.

Hakuna anayefuta hukumu kwa simu. Aliyetiwa hatiani na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi na haridhiki, anatoa kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 na kuwasilisha rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45, ukiondoa muda wa kusubiri nakala za mwenendo na hukumu. Hukumu inatenguliwa huko, mbele ya jaji. Na kama aliyekupigia ni askari wa kweli, basi anaomba rushwa, na rushwa inaripotiwa TAKUKURU, piga 113, bure. Askari anayekuhitaji mwambie utafika kituoni, uliza kituo gani na jina lake, kisha nenda na ndugu yako. Kishoka hapo anakata simu.

Uliyekwisha kutuma hela, piga 100 kwa mtandao wako sasa hivi uombe muamala uzuiwe. Kila dakika ina maana, kwa kuwa akishaitoa kwa wakala imekwenda. Meseji zake zitume kwenda 15040, sawa na zile za "ile hela tuma kwenye namba hii". Nenda kituo cha polisi kilicho karibu ufungue taarifa na uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako. Beba picha za skrini za mazungumzo, meseji ya muamala na ile PDF yenyewe. Usiifute kwa aibu, ndiyo ushahidi wako chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Na usiipeleke kwa mwajiri wala ubalozini.

Uliyemtumia picha ya NIDA, hata kama hukulipa senti, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako uiondoe leo, kabla haijatumika kumpigia mtu mwingine kwa jina lako.