Mafunzo ya wasimamizi wa zamu: yanafaa, ila sheria ilikimbizwa

Bosi alitulipia mafunzo haya sisi wasimamizi wa kiwanda cha mikate hapa Dar, na nimeyapenda kwa jambo moja kubwa. Mkufunzi hakuanza na nadharia. Alimtaka kila mmoja achore kazini kwake nani anampa nani amri. Kwangu ikaonekana dereva wa kusambaza mikate anaagizwa na mimi, mtu wa stoo na mhasibu, kila mmoja na lake. Ndiyo maana maduka yalikuwa yanapata mikate saa mbili asubuhi, watu wameshakunywa chai! Sasa anapokea maagizo kwa mtu wa stoo tu, na gari linatoka alfajiri.

Kumwonya mfanyakazi bila kumdhalilisha mbele ya wenzake nako kulifundishwa vizuri, kwa kuigiza.

Ila Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilikimbizwa mno. Saa 45 kwa wiki na likizo ya siku 28 zilitajwa. Malipo ya saa za ziada, yasiyopungua mara moja na nusu ya kawaida, hayakuguswa kabisa, na huko ndiko ugomvi wa zamu ya usiku unakoanzia. Mkienda, mwombeni aanze na hilo.