Chattanooga au Tulsa kwa anayefanya kazi mtandaoni

Kama riziki yako inategemea intaneti, chagua Chattanooga, mji wa jimbo la Tennessee, Marekani. EPB, shirika la umeme la mji, lilianza kuuza intaneti ya kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde mwaka 2010, na kasi ya kupakia ni sawa na ya kupakua, jambo linalomfaa sana mhariri wa video. Lakini EPB huhudumia eneo lake la umeme tu. Kabla ya kusaini mkataba wa pango, hakiki anwani ya nyumba. Tennessee haitozi kodi ya mapato ya mshahara, ila dukani utalipa kodi ya mauzo ya 9.25%.

Tulsa, mji wa jimbo la Oklahoma, inavutia kwa fedha: mpango wa Tulsa Remote, ulioanza 2018, hutoa dola 10,000 kwa anayehamia kutoka nje ya Oklahoma na kukaa angalau mwaka. Fedha hizo hutozwa kodi, na Oklahoma ina kodi ya mapato, basi tenga sehemu mapema. Aprili na Mei ni msimu wa vimbunga vya tornado. Tafuta nyumba yenye chumba cha kujikinga.

Kote kuwili, bila gari utateseka.