Hewa ya ukaa kuwa mafuta: unga majini au paneli na shaba?

Saa saba mchana, katika soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, jua linakausha dagaa mpaka wanalia kama majani makavu ukiwashika. Jua hilohilo linaweza kugeuza hewa ya ukaa kuwa mafuta ya kuwasha, kwa njia mbili.

Ya kwanza ni unga wa kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemikali, ndani ya maji yenye hewa hiyo. Wajapani Fujishima na Honda walionyesha mwaka 1972 kwamba titani dayoksaidi ikipigwa na mwanga hupasua maji kuwa hidrojeni na oksijeni. Baadaye hewa ya ukaa nayo ikajaribiwa, ikatoa methani na methanoli. Naipenda njia hii: chombo, unga, jua, basi. Tatizo ni kwamba titani dayoksaidi hunasa urujuanimno tu, mwanga usioonekana kwa macho, ambao ni kama asilimia 5 ya nishati ya jua, na elektroni nyingi zinazosukumwa na mwanga hurudi zilikotoka kabla ya kufanya kazi. Mavuno ni kiduchu mno.

Ya pili, paneli za sola hulisha umeme seli, yaani chombo chenye shaba kinachopitishiwa hewa ya ukaa, na shaba huigeuza kuwa ethilini na ethanoli. Gharama iko juu, na bidhaa hutoka zimechanganyika. Lakini paneli ya kawaida hugeuza karibu asilimia 20 ya nishati ya jua kuwa umeme.

Kwa leo nachagua paneli. Wavuvi wa dagaa wameshaizoea, inachaji betri za taa zilizochukua nafasi ya karabai. Hewa ya ukaa tusiihangaikie angani, ambako ni asilimia 0.04 tu; matangi ya kuchachushia bia yanaitoa ikiwa nyingi bila kuchanganyika sana na hewa nyingine.