Tai Chi for Arthritis: Taichi ya Magoti, Si ya Kitambi

Anayetafuta taichi, sanaa ya mapigano ya China inayofanywa polepole kama zoezi, mtandaoni hukutana kwanza na mtindo wa Yang wenye mikao 24, uliofupishwa China mwaka 1956 ili watu wa kawaida wajifunze kwa urahisi. Ni mtindo mzuri, na video zake za bure hazihesabiki. Shida ni kwamba ndani yake kuna mateke mawili ya kisigino na mikao miwili ya kuchuchumaa hadi chini huku mguu mmoja umenyooshwa pembeni. Mtu wa miaka 62 ambaye goti limeanza kusagika na mizani inasoma kilo 90 hana la kufanya huko. Tunayoipitia hapa ni programu ya mazoezi iliyotengenezwa kwa ajili yake: Tai Chi for Arthritis (taichi kwa ugonjwa wa viungo), ya Dk. Paul Lam wa Sydney, Australia.

Lam ni daktari wa familia aliyezaliwa Vietnam, na yeye mwenyewe anaishi na ugonjwa wa viungo tangu ujanani. Mwaka 1997, pamoja na wenzake wa taichi na wa tiba, alichagua mikao 12 kutoka mtindo wa Sun na kuipanga kama somo. Uchaguzi huo wa mtindo ndio siri ya programu nzima. Sun Lutang, mwasisi wake, alikuwa tayari bingwa wa sanaa nyingine mbili za mapigano kabla ya kuingia kwenye taichi, na akaja na hatua fupi, nyepesi. Mguu mmoja ukienda mbele, wa pili unaufuata. Ukirudi nyuma, wa pili unarudi nao. Uzito haukai muda mrefu kwenye mguu mmoja uliokunjwa, na mwili unasimama juu badala ya kuzama kama kwenye mtindo wa Yang au wa Chen. Kwa goti bovu, hiyo ni tofauti kubwa.

Somo lenyewe limepangwa vizuri. Kwanza unatembeatembea kupasha mwili, kisha unanyoosha viungo kwa mpangilio: shingo, mabega, uti wa mgongo, nyonga, magoti, vifundo vya miguu, mazoezi mawili kwa kila eneo. Ndipo unaingia kwenye mikao, michache kwa kila somo. Anayefundishwa hutazama kwanza, hufuata, kisha huonyesha peke yake. Mikao sita ya msingi hutangulia, sita ya juu hufuata, halafu yote hurudiwa kwa kugeuza pande. Usiiruke hiyo sehemu ya kugeuza. Kichwa ndicho kinachofanya kazi hapo, na wengi wanaojisomea wenyewe huiacha kwa sababu inawarudisha kwenye ujinga wa siku ya kwanza.

Mkao utakaokutana nao mara nyingi kuliko mingine ni wa kufungua na kufumba mikono. Viganja vinatazamana mbele ya kifua. Unavuta pumzi ukivitenganisha hadi upana wa mabega, unatoa pumzi ukivirudisha hadi upana wa uso. Unaonekana mchezo wa watoto, lakini ndio unaofundisha kupumua pamoja na mwendo bila kukaza mabega. Mabega yakipanda karibu na masikio, umefungua mikono kupita kiasi.

Sasa makosa, maana hapa ndipo pesa ya kozi inapopotea. Goti linalouma baada ya taichi kwa kawaida limeumizwa na mambo matatu. La kwanza ni kuzungusha goti wakati unyayo umebanwa chini na uzito. Kanuni ni kuhamisha uzito kwanza, kugeuza kisigino au vidole vya mguu mtupu, yaani usiobeba uzito, kisha kurudisha uzito. La pili ni goti kuanguka ndani. Ukiinama kidogo na kutazama chini, kilegesambwa, yaani pia ya goti, kielekee kidole cha pili cha mguu. Kikielekea kidole gumba, sukuma goti nje kwa nguvu ya nyonga, usilisukume kwa mkono. La tatu ni kushuka chini sana kwa sababu mtu wa kwenye video anashuka. Goti lisipite ncha ya vidole, na kama hata hapo linauma, simama wima zaidi. Mtindo huu unaruhusu.

Hatua ya mbele huanza na kisigino kutua kikiwa kitupu, kama unajaribu barafu kabla ya kuikanyaga. Ukitua kwa kishindo, maana yake umetupa uzito kabla mguu haujafika. Jipime hivi: katikati ya hatua yoyote, je, unaweza kurudisha mguu ulikotoka bila kuyumba? Kama huwezi, fupisha hatua.

Viatu navyo vina neno. Raba za kukimbilia zenye soli nene na laini zinayumbisha kifundo, na mpira wake hung'ang'ania sakafu unapogeuka, kwa hiyo goti ndilo linalojipinda. Soli nyembamba na bapa ni bora. Kandambili hapana. Soksi juu ya vigae hapana kabisa. Mkeka uliokunjika pembeni utaukamata ule mguu unaofuata. Nafasi ya mita 2 kwa 2 inatosha kuanzia. Kiti imara kiwe karibu kwa mwenye kizunguzungu, hasa anayetumia dawa za presha.

Je, ushahidi upo? Upo, tena si haba. Huko Marekani, zaidi ya watu 300 wenye magonjwa ya viungo walifuata programu hii hii kwa wiki 8, mara mbili kwa wiki, na walipata nafuu ya maumivu, uchovu na kukakamaa kwa viungo. Mjini Sydney, utafiti uliochapishwa 2007 ulihusisha watu 702 wenye miaka 60 na zaidi; saa moja kwa wiki kwa wiki 16, wengi wao wakifundishwa mtindo wa Sun, na kuanguka kulipungua kwa takriban theluthi moja. Chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2019, kinaipendekeza taichi kwa nguvu kwa magoti na nyonga zilizosagika. Utafiti mwingine wa Marekani wa 2016, uliotumia mtindo wa Yang kwa watu 204, ulikuta taichi ya wiki 12 inasaidia goti sawa na tiba ya mazoezi ya hospitali. Kumbuka tu kwamba hao wote walikuwa na mwalimu mbele yao. Video haitakugusa bega ikuambie umelikaza.

Huo ndio udhaifu wa kwanza wa programu kwa anayenunua DVD au masomo ya mtandaoni peke yake. Dawa yake ni simu: jirekodi ukiwa umeiegemeza kwenye kiti, kimo cha kiuno, mara moja kutoka mbele na mara moja kutoka ubavuni. Ya mbele itakuonyesha goti linaloanguka ndani, ya ubavuni itakuonyesha mgongo unaoinama. Udhaifu wa pili ni lugha. Maelezo ni ya Kiingereza, chepesi kwa kweli, ila bibi asiyekijua atahitaji mjukuu wa kumtafsiria wiki za mwanzo. Ukipata mwalimu mwenye cheti cha programu hii, chukua, lakini uliza anafanya taichi kwa miaka mingapi. Cheti hutolewa baada ya warsha ya siku mbili na huhuishwa kila miaka miwili. Kinathibitisha kuwa anajua usalama wa programu, hakithibitishi kuwa ni bingwa.

Udhaifu wa tatu ni matarajio ya wanunuzi wenyewe. Masomo haya hufundisha mwendo. Chakula ni kazi yako. Na watu wananunua wakitaka kitambi kiondoke. Mtu wa kilo 70 akifanya taichi saa nzima anatumia takriban kalori 210. Chapati moja kubwa ya mafuta inazirudisha zote na chenji. Lakini uzito na goti ni jirani wa ukuta mmoja: kwa wenye magoti yaliyosagika na uzito mkubwa, kila kilo 1 inayopungua huliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua. Kilo 5 ni kilo 20 kwa hatua, na hatua za siku moja ni maelfu. Kwa hiyo anayefanya mikao 12 vizuri kisha anaendelea kula vilevile anatumia nusu ya dawa.

Tuanzie mezani, na tuanzie ugali kwa kuwa ndio unaobeba kalori nyingi. Gramu 200 za unga wa mahindi, kiasi ambacho mtu mzima mwenye njaa humaliza bila kujua, ni zaidi ya kalori 700 kabla ya mboga. Ubaki robo ya sahani, ukubwa wa ngumi. Nusu ya sahani iwe mboga za majani na matunda, robo iliyobaki maharage, samaki, dagaa, kuku au mayai. Mtu akipunguza ugali bila kuongeza mboga na maharage, saa nne usiku atakuwa jikoni anatafuta mkate.

Mafuta ya kupikia ndiyo yanayojificha. Kijiko kimoja kikubwa kina takriban kalori 120, na anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu hajui ameweka vingapi. Mwongozo wa lishe wa China wa 2022 unaweka kikomo cha gramu 25 hadi 30 za mafuta kwa mtu kwa siku, yaani vijiko vikubwa viwili hivi, na chumvi chini ya gramu 5, kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Vipande vya viungo vya mchuzi ni chumvi pia. Ukivitumia, chumvi ya kawaida ipungue. Mwongozo huohuo unataka mboga zisizopungua gramu 300 kwa siku na aina 12 tofauti za vyakula kila siku, 25 kwa wiki. Hesabu za nyumbani kwako wiki hii. Kaya nyingi zinakwama kwenye ugali, mchicha, maharage, nyanya, kitunguu na chai, na aina zinazokosekana ziko sokoni kwa bei ndogo: mlenda, majani ya maboga, kunde, choroko, papai, parachichi, uwele.

Chai nayo. Vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu vitatu vya sukari ni takriban gramu 36, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ni vyema zaidi kubaki chini ya gramu 25 hivi kwa siku. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi huzoea.

Mwenye miaka zaidi ya 65 asipunguze protini pamoja na wanga, maana misuli ya paja ndiyo inayolishikilia goti. Wataalamu wa lishe ya wazee hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, isipokuwa kwa mwenye ugonjwa wa figo, ambaye amfuate daktari wake. Mtu wa kilo 60 anahitaji basi gramu 60 hadi 72. Yai lina 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15 hivi, gramu 100 za samaki aliyepikwa zaidi ya 20. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao huongeza kalisi. Igawe protini kwenye milo mitatu. Chai na andazi asubuhi ni mlo usio na protini ya maana.

Na hili la bamia. Kila mwenye goti bovu ameshaambiwa ale bamia ili uteute wa magoti urudi. Ule utelezi unaishia tumboni na haupati njia ya kufika kwenye goti. Bamia ni mboga nzuri yenye nyuzinyuzi, kula kwa sababu hiyo. Supu ya kongoro vivyo hivyo: tumbo humeng'enya protini yake kama protini nyingine yoyote, na mafuta na chumvi vya bakuli moja vinaweza kufuta kazi ya wiki.

Tungempa nani programu hii? Mwenye baridi yabisi au magoti yaliyosagika, mzee aliyeanza kuogopa ngazi, na mtu mzima anayetaka zoezi la kufanya miaka 30 ijayo bila ukumbi wala vifaa. Asiyeweza kusimama kuna toleo la kufanya ukiwa umekaa, na ni somo kamili. Kijana mwenye afya anayetaka jasho atachoshwa nayo mapema. Aende kwenye mikao 24 au kwa mwalimu wa mtindo wa Chen.

Ratiba inayofaa ni dakika 20 kwa siku nyingi za wiki, mkao mmoja au miwili mipya kwa wiki na si zaidi. Kabla ya somo la kwanza chukua kiti kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, hesabu unasimama na kuketi mara ngapi kwa sekunde 30, na andika. Kwa mwanamke wa miaka 70 hadi 74, chini ya mara 10 ni dalili ya hatari ya kuanguka; kwa mwanamume wa umri huo, chini ya 12. Rudia baada ya wiki 8, kwenye kiti kilekile. Namba isipopanda hata moja, fungua ile rekodi ya simu na utazame magoti kabla ya kununua kozi nyingine.