Ofisi ya viza za kazi hapa Mombasa: nyota mbili kati ya tano, na kisa ni hesabu ya mshahara

Nimekaa muda nikiwaza niandike au niwache, lakini kuna vijana wengi wa hapa Mombasa wapanda ngazi zile kila siku na bahasha ya vyeti mkononi, kwa hivyo wacha niseme. Jina silitaji. Ni ofisi iko katikati ya mji, wanashughulikia kazi na viza za ng'ambo, na mie nilimpeleka mdogo wangu Septemba 2025. Yeye ni mpishi, ana cheti chake cha upishi na miaka sita jikoni kwenye hoteli, kwanza Nyali halafu Diani.

Nianze na mazuri manake yapo. Leseni yao niliitafuta kwenye orodha ya NEA, mamlaka ya serikali ya mambo ya ajira, nikaiona ni ya kweli, risiti wanatoa papo hapo, na yule dada wa mapokezi anajua kazi yake, alimkalisha mdogo wangu akamuelezea taratibu kuhusu pasipoti, cheti cha tabia njema kile cha DCI, polisi wa upelelezi, cha shilingi 1,050, na kipimo cha TB ambacho mtu wa Kenya lazima afanye akienda Uingereza zaidi ya miezi sita. Akamwambia asikimbilie kupima mapema sababu kile cheti cha TB chatumika miezi sita tu. Ushauri mzuri ule, na nyota hizi mbili ni zake.

Shida ilianza ndani kwa ajenti mwenyewe. Tushalipa 15,000 ya kuangaliwa makaratasi, akatutolea barua ya ofa kutoka mkahawa mmoja wa Uingereza, imeandikwa mshahara pauni 39,000 kwa mwaka, akasema kijana umepita kiwango cha chini cha mshahara wanachotaka Uingereza kwa viza ya kazi, kiwango ni 38,700, na kweli ile 38,700 imebandikwa ukutani nyuma yake kwa maandishi makubwa. Sasa lete 45,000 nyingine tufungue faili. Mdogo wangu alitoka pale hajui anakanyaga wapi kwa furaha, na tulipofika nyumbani mama akatoa bangili zake za dhahabu kwenye kabati bila kuulizwa.

Usiku nikaisoma ile barua polepole, ukurasa wa pili. Kumbe malipo ni pauni 13 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Piga hesabu, 13 mara 40 ni 520 kwa wiki, mara wiki 52 ni 27,040. Basi! Hizo nyingine za kufikia 39,000 ni 6,000 ya nyumba na 5,960 ya ovataimu. Na sheria ya viza yao ya wafanyakazi wenye ujuzi yahesabu mshahara wa msingi peke yake, ule wa uhakika kabla ya kodi. Ovataimu haiingii hata kama wamekuahidi, posho ya nyumba haiingii, bonasi haiingii. Yaani hata kwa kiwango kile cha ukutani tulikuwa tumebaki nyuma zaidi ya pauni elfu kumi na moja.

Halafu kile cha ukutani chenyewe kilishapitwa. Nilifungua tovuti ya serikali yao, gov.uk, bure kabisa kwa bando la shilingi hamsini. Hadi mwanzoni mwa Aprili 2024 kiwango cha kawaida kilikuwa 26,200, tarehe 4 mwezi huo kikaruka hadi 38,700, na tarehe 22 Julai 2025 kikawa 41,700, ambayo kwa pesa zetu ni zaidi ya milioni saba kwa mwaka. Na si hiyo tu, kila kazi ina kiwango chake yenyewe, kinachukuliwa kile kilicho juu kati ya hivyo viwili. Tarehe hiyo hiyo ya Julai wakatoa kazi nyingi zisizofika kiwango cha digrii kwenye orodha ya kazi zinazopewa viza hii, wakabakisha chache wanazosema zina upungufu, na upishi haumo. Kwa hivyo hata angelipwa hiyo 41,700 yote ya msingi, mpishi anayeomba leo kutoka hapa hapewi. Sisi tulikaa kwenye kiti kile Septemba, miezi miwili karibu baada ya mabadiliko!

Najua mtu ataniambia mbona binti wa jirani alienda na mshahara mdogo. Huyo ni nesi, viza ya afya ina kiwango chake, 25,000 au skeli ya mishahara ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali yao, kile kilicho juu. Nao wale wa kutunza wazee, mlango wa kuajiriwa kutoka nje ulifungwa siku hiyo hiyo ya 22 Julai.

Kesho yake nikarudi na simu mkononi nikamuonyesha ajenti. Akasema mwajiri ana leseni ya kuleta wageni. Ni kweli anayo, orodha ya waajiri wenye leseni iko wazi na jina nililiona, lakini leseni ya mwajiri haibadilishi kazi wala mshahara. Tena ndani ya ile 45,000 alikuwa ameweka ada ya cheti cha udhamini, kile mwajiri anachomtolea mfanyakazi ili aombe viza, na hiyo mwajiri haruhusiwi kumtwika mfanyakazi. Hapo akanyamaza, akaniambia, "Mama, ngoja niongee na wakubwa".

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakutuuliza swali hata moja kuhusu saa za kazi wala malipo kwa saa. Mtu anayekula pesa za watu kwa kazi hii angeanza hapo, ni hesabu ya dakika mbili.

Tumerudishiwa 10,000 kwa M-Pesa baada ya siku tisa na simu nyingi, 5,000 wamesema ni ya huduma. Bangili zimerudi kabatini. Mdogo wangu amerudi Diani kwenye kazi yake na saa hizi anauliza kuhusu Ujerumani, ambako mwenye cheti kilichotambuliwa na hajafika miaka 45 hawekewi kiwango kimoja cha mshahara kama cha Uingereza, ila kijerumani ni vizuri akisome. Nimemwambia akipata barua yoyote ailete kwangu kwanza tuanze na ukurasa wa pili. Ile karatasi ya 38,700 mara ya mwisho nilipopita bado ilikuwa ukutani, wakiitoa nitarudi hapa niongeze nyota.