Ukungu juu ya ukungu: siku yangu Château d'Yquem

Niseme mapema: mimi si mtaalamu wa mvinyo. Nimekulia Dodoma, baba mdogo ana ekari mbili za zabibu, na mvinyo niliouzoea ni mwekundu mtamu wa nyumbani ambao watu hutia barafu bila aibu. Kwa hiyo shemeji yangu anayeishi Bordeaux aliponiambia Oktoba iliyopita kuwa ametukatia nafasi ya kutembelea Château d'Yquem, kasri la Ufaransa lenye shamba la mvinyo mweupe mtamu, cha kwanza nilichouliza ni bei. Zaidi ya yuro 60 kwa kichwa, na mwishoni unaonjeshwa. "Kwa hela hiyo wanipe na chupa niondoke nayo," nikamwambia. Akacheka mpaka akakaa chini. Kicheko chake nilikuja kukielewa dukani kwao.

Treni kutoka Bordeaux hadi Langon ni kama nusu saa na haina taabu. Taabu ni Langon penyewe. Teksi tuliyoiagiza haikutokea, simu ya dereva inaita tu haipokelewi, na Sauternes, kijiji cha kasri hilo, iko kilomita kadhaa mbele huko mashambani. Tulimpata mwingine, akatukamua kisawasawa, tukafika zikiwa zimebaki dakika nne na shemeji amenuna. Ukienda, panga gari la kwenda na la kurudi kabla hujapanda treni.

Kasri liko juu ya kilima, kuta za mawe ya rangi ya asali, minara ya duara pembeni, na mizabibu imelizunguka pande zote. Dada aliyetuongoza alianza na historia, na hapo nilijiandaa kupiga miayo. Bordeaux yote ilikuwa mikononi mwa wafalme wa Uingereza mpaka 1453. Mwaka 1593 bwana mmoja Jacques Sauvage akapewa haki ya kulishika shamba, ardhi ikiwa bado ya mfalme wa Ufaransa. Mwaka 1711 ukoo wake ukalimiliki moja kwa moja. Sawa. Kisha akaingia Françoise Joséphine, nikaacha kuangalia saa.

Huyu mama ndiye mrithi wa ukoo wa Sauvage. Aliolewa 1785 na Louis Amédée de Lur-Saluces, mwanajeshi, na miaka mitatu baadaye mume akaanguka kutoka kwenye farasi akafa. Mjane kijana, na mwaka uliofuata Mapinduzi ya Ufaransa yanalipuka, watu wa tabaka lake wanakatwa vichwa. Alifungwa mara mbili, akatoka, na shamba hakuliachia. Mwaka 1826 akajenga ghala la mvinyo. Alifariki 1851, miaka minne tu kabla ya ile orodha maarufu ya madaraja ya mvinyo wa Bordeaux ya 1855, ambayo Yquem iliwekwa kwenye ngazi yake peke yake, Premier Cru Supérieur. Hata mivinyo myekundu mikubwa kama Lafite na Margaux iliishia Premier Cru, ngazi ya chini yake. Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, akiwa balozi wao Paris, alikwisha kuagiza chupa 250 za mavuno ya 1784, lakini kwangu mimi mtu wa shamba hili ni yule mjane. Ukoo wake walilimiliki mpaka miaka ya 1990, kampuni ya bidhaa za anasa ya LVMH iliponunua hisa nyingi, mambo yakamalizika 1999 baada ya ugomvi mkubwa wa kifamilia. Ugomvi wa mirathi, kumbe hata kwenye makasri upo.

Sasa zabibu. Hapa ndipo Kiswahili kilinipa raha ambayo wenzangu kwenye ziara hawakuipata. Chini ya vilima vile kuna kijito kinaitwa Ciron, maji yake baridi kwa sababu kinapita msituni. Kinamwagikia Garonne, mto mkubwa wenye maji ya vuguvugu. Vuli ikifika, maji hayo yanapokutana hutoa ukungu unaopanda mashambani alfajiri, na ukungu huo ndio unaoleta ukungu mwingine, kama ule wa kwenye mkate uliosahaulika kabatini. Kuvu yenyewe inaitwa Botrytis cinerea. Inatoboa ganda la zabibu kwa vitundu visivyoonekana, jua la mchana linakausha maji, na kinachobaki ndani ni sukari, uchachu na harufu vilivyokolea. Jua lisipotoka, mvua ikashika, kuvu hiyo hiyo inaozesha kila kitu na hakuna mvinyo.

Tulioneshwa kishada kimoja kwa karibu. Punje za juu zilikuwa bado nzima, rangi ya dhahabu. Za katikati zimegeuka zambarau ya kutu. Za chini zimesinyaa, zimevaa vumbi la kijivu kama majivu ya mkaa. Nilipewa moja ya hizo za majivu, nikafumba macho, nikatafuna: asali, ndimu, kisha kwa mbali uyoga. Ganda liliyeyuka lenyewe mdomoni.

Picha ya kishada nilimrushia baba mdogo WhatsApp. Jibu lilikuja kabla hatujaingia ghalani: "Poleni. Mwambie mwenye shamba apige salfa haraka, hiyo itamaliza mstari wote." Nikamweleza kuwa ndiyo wanayoitaka. Hakujibu tena siku hiyo.

Wachumaji, mia na zaidi, hawavuni kishada. Wanachagua punje zilizofikia hatua hasa, nyingine wanaziacha, wanarudi baada ya siku kadhaa. Mstari mmoja unaweza kupitiwa mara tano, sita au zaidi kwa wiki nyingi. Hesabu yao wanayopenda kuitaja ni kwamba mzabibu mmoja unatoa glasi moja ya mvinyo kwa mwaka. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka na bado tunalalamika! Na baada ya jasho lote hilo, mwaka ukiwa mbaya hawatoi Yquem kabisa: 1910, 1915, 1930, 1951, 1952, 1964, 1972, 1974, 1992, halafu 2012. Mapipa mapya ya mwaloni niliyaona pia, mvinyo hukaa humo kama miaka miwili, ghala ni zuri na baridi, sina la kuongeza.

Meza ya kuonja. Kwanza Y, hutamkwa "igrek", mvinyo wao mkavu ulioanza 1959. Harufu yake inakuahidi utamu, ulimi hauupati. Haukunikaa. Kisha Yquem ya 2015, kiasi cha kufunika kitako cha glasi. Rangi ya samli mpya. Nilitarajia sharubati, na ndiyo hofu niliyoingia nayo, kwa sababu mvinyo huu una sukari kuliko soda nyingi. Ulianza hivyo kweli: embe lililoiva, maganda ya chungwa yaliyokaushwa, zafarani. Halafu uchachu ukaja ukaufagia utamu wote, mdomo ukabaki msafi, na ladha bado iko palepale. Nilimeza, tukatoka nje, tukapiga picha kwenye mnara, bado ninaisikia. Shemeji aliangalia saa: dakika sita.

Chupa sikununua. Hata nusu chupa bei yake ilinikumbusha ada ya mtoto. (Ya mavuno ya 1811 iliuzwa pauni 75,000 mwaka 2011, kwa hiyo najua wapo wanaoona yangu ni uchoyo.) Kijijini Sauternes tuliingia duka dogo tukanunua nusu chupa ya jirani, shamba lisilo na jina kubwa, ukungu ule ule wa Ciron, kwa hela ya chakula cha mchana. Usiku tukaifungua na jibini ya Roquefort, ile yenye mishipa ya ukungu wa buluu. Chumvi na asali pamoja. Haikukaa dakika sita, ilikaa labda mbili, na shemeji aliyenuna tangu Langon akasogeza sahani upande wake na kuniuliza kama nina haja na kipande cha mwisho.